Kurusha Skrini ya Kipakatalishi Kwenye Runinga Bila Waya: Tathmini Kutoka Kisumu

Karibu kila runinga janja inayouzwa leo katika maduka ya vifaa vya umeme mjini Kisumu huja na ahadi kwamba inaweza kupokea picha ya kipakatalishi bila waya wowote. Uwezo huo ndio ninaoutathmini hapa. Sizungumzii runinga ya kampuni moja wala kipakatalishi cha aina moja, bali huduma yenyewe, jinsi inavyofanya kazi katika sebule, vyumba vya masomo na kumbi ndogo za huku kwetu. Nimeitumia kuwafundishia wanafunzi wa sekondari wakati wa likizo, kuwaonyesha wanachama wenzangu hesabu za chama, na kutazama mpira pamoja na majirani. Uamuzi wangu ni kwamba kwa maandishi, michoro na picha za kutulia, huduma hii ni msaada mkubwa ambao watu wengi wameulipia bila kujua wanao, ilhali kwa picha zinazokwenda kasi waya wa HDMI, ule unaobeba picha na sauti kutoka kipakatalishi hadi runinga, bado haujapata mshindani.

Kwanza inafaa kutenganisha njia mbili ambazo wauzaji na wanunuzi huzichanganya kila siku. Ya kwanza inaitwa Miracast, nayo ni kanuni iliyozinduliwa na muungano wa makampuni uitwao Wi-Fi Alliance mwaka wa 2012. Kwa njia hii kipakatalishi na runinga hushikana moja kwa moja kwa mawimbi ya Wi-Fi, bila kupitia ruta (kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi nyumbani), na Windows imeibeba ndani yake tangu toleo la 8.1 la mwaka wa 2013. Ya pili ni Google Cast, iliyoanza kujulikana kupitia kile kifaa kidogo cha Chromecast mwaka wa 2013, na ambayo sasa imejengwa ndani ya runinga zinazotumia mfumo wa Android TV au Google TV. Google ilitangaza mwaka wa 2024 kwamba haitengenezi tena Chromecast, lakini teknolojia yenyewe inaendelea katika runinga hizo. Tofauti kubwa kwa mtumiaji ni kwamba Google Cast huhitaji vifaa vyote viwili viwe kwenye mtandao mmoja wa nyumbani, ilhali Miracast haihitaji mtandao wowote.

Jambo hili la mwisho ndilo lenye uzito mkubwa zaidi kwa watu wa Magharibi mwa Kenya, na ndilo linaloelezwa vibaya zaidi madukani. Nimemsikia muuzaji akimwambia mteja, “Mama, hii ukiipeleka nyumbani bila Wi-Fi ya kulipia kila mwezi, kurusha laptopu usahau.” Maneno hayo si kweli. Mama huyo angeweza kuifikisha runinga yake katika kijiji kisicho na intaneti hata kidogo, akafungua kitabu cha kiada kilichohifadhiwa katika kipakatalishi, na watoto wake wakakisoma kwenye skrini kubwa bila senti moja ya bando kutumika. Picha husafiri kutoka kifaa hadi kifaa ndani ya chumba kilekile. Ukirusha faili iliyo katika kipakatalishi, iwe ni sinema uliyonayo, mtihani wa miaka iliyopita au picha za harusi, hakuna data inayonunuliwa. Hata ukitumia Google Cast kupitia ruta ya nyumbani, kinachobebwa ndani ya nyumba hakihesabiwi katika bando lako. Data huanza kuliwa pale tu unapotazama kitu kinachotoka kwenye intaneti, kwa mfano video ya YouTube, na hapo ingeliwa hata kama ungeitazama kwenye simu.

Hapo pia kuna jambo ambalo watumiaji wengi wa Google Cast hawalitambui. Ukiwa ndani ya YouTube katika kivinjari cha Chrome na ukabonyeza alama ya kurusha iliyo ndani ya video, kipakatalishi hakitumi picha. Huipa runinga anwani tu, kisha runinga huenda kuichukua video hiyo yenyewe kutoka kwenye intaneti. Ndiyo maana unaweza kukifunga kipakatalishi na video ikaendelea, na ndiyo maana picha huwa safi kabisa. Lakini ukichagua kurusha kichupo kizima (tab) au skrini nzima, kipakatalishi hulazimika kuipiga picha skrini yake mfululizo, kuibana na kuituma, na ubora hushuka. Kwa mtu anayetaka kutazama video za YouTube tu, njia ya kwanza ndiyo bora, na wala asipoteze muda wake kunakili skrini.

Kuunganisha kwa Miracast si kazi ngumu. Kwenye runinga unafungua sehemu ya kupokea skrini, ambayo kila kampuni imeipa jina lake: Samsung huiita Screen Mirroring, LG huiita Screen Share, na Hisense huiita Anyview Cast. Kwenye kipakatalishi cha Windows 10 au 11 unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi K, orodha ya runinga zilizo karibu inatokea, unachagua yako, na aliye na rimoti anakubali ombi kama runinga imewekwa kuuliza. Mambo yakienda sawa, skrini inaonekana baada ya muda mfupi. Baada ya hapo bonyeza Windows pamoja na herufi P, kwa sababu uamuzi unaofanywa hapo huathiri matokeo kuliko watu wanavyodhani.

Chaguo la kunakili (Duplicate) huonyesha kitu kilekile pande zote mbili. Vipakatalishi vingi vilivyotumika, hasa vile vinavyoitwa “ex-UK”, yaani vilivyoletwa kutoka Uingereza, vinavyouzwa kwa wingi Kisumu, Kakamega na Bungoma, vina skrini ya pikseli (vinukta vinavyounda picha) 1366 kwa 768, ilhali runinga nyingi za siku hizi zina pikseli 1920 kwa 1080 au zaidi. Ukinakili, mara nyingi runinga hupewa picha ya kiwango cha kipakatalishi kisha huinyoosha, na herufi ndogo huonekana kana kwamba zimepakwa mafuta. Chaguo la kupanua (Extend) huifanya runinga kuwa skrini ya pili inayojitegemea, yenye kiwango chake kamili. Kwa mwalimu faida yake ni kubwa mno: wanafunzi huona slaidi peke yake kwenye runinga, naye kwenye kipakatalishi anaona maelezo yake, slaidi inayofuata na saa. Nimefundisha mzunguko wa damu kwa njia hii, mchoro wa moyo ukiwa umejaa skrini nzima na majibu ya maswali yakibaki upande wangu, na sioni tena sababu ya kurudi kuchora ubaoni kwa chaki za rangi. Mwalimu yeyote aliye na runinga nyumbani na wanafunzi wachache wa likizo ningemsihi ajaribu hili kabla hajafikiria kununua projekta.

Sasa nije kwenye ubora wa picha. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 inayobadilika mara 60 kwa sekunde, ikitumwa ikiwa ghafi, huhitaji takribani gigabiti 3 kila sekunde. Waya wa HDMI wa toleo la 1.4, lililotoka mwaka wa 2009, una uwezo wa kubeba hadi gigabiti 10.2, kwa hiyo hupitisha picha hiyo bila kuigusa. Wi-Fi ya kawaida ya nyumbani haiwezi. Kipakatalishi hulazimika kuibana picha kwa mbinu iitwayo H.264 hadi ibaki megabiti chache tu kwa sekunde, kuituma, kisha runinga kuifungua upya kabla ya kuionyesha. Kila hatua kati ya hizo hula muda, na jumla yake ndiyo ule uchelewaji unaouona unaposogeza mshale kwenye kipakatalishi na kuuona ukifuata nyuma kwenye runinga. Mtu asiulaumu mtandao wake wala runinga yake kwa jambo hilo, kwani limo ndani ya njia yenyewe.

Kwa anayesoma hati au kuonyesha jedwali la Excel, uchelewaji huo hauna madhara yoyote. Kwa mpira hali ni nyingine. Mechi inayochezwa kwenye kivinjari na kunakiliwa kwenda runingani hupoteza ulaini wake: mpira mrefu unapopigwa kutoka upande hadi upande, nyasi hugeuka viraka, na wakati mwingine picha hukwama kwa sekunde moja au mbili halafu ikaruka mbele. Kwa mji unaopenda soka kama Kisumu, ambako majirani wakisikia una skrini kubwa watakuja na viti vyao, hilo ni tatizo la kweli, na jibu langu halina kusitasita: tafuta waya wa HDMI, ambao hauzidi shilingi mia chache kwa urefu wa kawaida, au tumia programu iliyo ndani ya runinga yenyewe. Michezo ya kompyuta nayo haifai kurushwa, isipokuwa ile ya taratibu kama drafti na sataranji.

Yapo marekebisho yanayosaidia kiasi. Windows ina ukanda mdogo unaotokea juu ya skrini wakati wa kurusha, na ndani ya mipangilio yake unaweza kuchagua kama unafanya kazi, unacheza mchezo au unatazama video. Chaguo la mchezo hupunguza uchelewaji kwa gharama ya picha kukwamakwama, na chaguo la video hufanya kinyume, yaani hukubali kuchelewa zaidi ili picha itiririke. Kwa sinema iliyo katika kipakatalishi, chaguo la video ndilo la kuchukua, kwa kuwa hakuna anayegusa mshale na kuchelewa hakutambuliki. Upande wa runinga, hali ya picha iliyotengenezwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta huzima mapambo mengi ya rangi na ulaini ambayo runinga huyaongeza, na huokoa sehemu fulani ya muda.

Mawimbi nayo yana masharti yake. Katika majengo ya ghorofa ya Milimani, Kondele au Mamboleo, kila nyumba ina ruta yake, na nyingi kati ya hizo zinatumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani ya 1, ya 6 na ya 11. Majirani wote wanagombania njia hizo tatu, pamoja na vifaa vya Bluetooth na hata oveni ya maikrowevu, inayofanya kazi katika masafa hayohayo. Ukirusha skrini jioni, wakati kila mtu yuko nyumbani, utayaona matokeo yake kwa macho. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi kubwa zaidi, ingawa hayapenyi vizuri kuta za mawe, na kwa kuwa runinga na kipakatalishi huwa katika chumba kimoja, udhaifu huo haujalishi. Ikiwa ruta yako ina masafa yote mawili, unganisha vifaa vyako kwenye yale ya 5. Jambo hili linaihusu Miracast pia, ingawa haipiti kwenye ruta, kwa sababu kadi moja ya Wi-Fi ikiwa inazungumza na ruta kwenye chaneli moja na runinga kwenye nyingine, hulazimika kurukaruka kati ya hizo mbili na zote hupungua kasi. Ninapofundisha bila kuhitaji intaneti, mimi hukiondoa kipakatalishi kwenye ruta kabisa, na picha hutulia waziwazi.

Lalamiko ninalolisikia zaidi kutoka kwa wenzangu ni kwamba runinga haionekani katika orodha. Mara nyingi sababu ni ndogo. Kwa Google Cast, angalia kwanza kama runinga na kipakatalishi viko kwenye jina lilelile la Wi-Fi, kwani mtandao wa wageni ambao ruta nyingi huwa nao umetengenezwa makusudi ili vifaa visionane. Mitandao ya hosteli za vyuo na ya hoteli hufanya vivyo hivyo, na mwanafunzi wa chuo anayehangaika na jambo hili hosteli anapaswa kujua kwamba hakuna kitu kibovu katika vifaa vyake. Programu za VPN, zile zinazopitisha mawasiliano ya kifaa kwenye njia ya faragha, huzuia pia, na zizimwe kwanza. Windows ikiwa imeutambua mtandao wa nyumbani kuwa wa umma, kinga yake inaweza kukataa mazungumzo na runinga, na dawa ni kuubadilisha katika mipangilio uwe wa faragha.

Kwa Miracast, chanzo cha kawaida ni kipakatalishi chenyewe. Vile vya zamani zaidi havina kadi ya Wi-Fi au kadi ya michoro inayoikubali, na vingine vinayo lakini fundi aliyeweka Windows upya hakuweka programu halisi za kuendesha kadi hizo. Kuna njia ya uhakika ya kupima: fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika “netsh wlan show drivers”, kisha tafuta mstari unaotaja “Wireless Display Supported”. Ukiona “Yes”, kifaa kinaweza. Ukiona “No”, mstari huohuo hukuambia kama kasoro iko kwenye kadi ya michoro au kwenye Wi-Fi, na hapo unajua ni programu gani ya kutafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji. Ningependa kila anayenunua kipakatalishi kilichotumika afanye jaribio hili akiwa bado dukani.

Sinema za huduma za kulipia ni suala ninaloweza kulimaliza haraka. Zimefungwa kwa kinga ya hakimiliki, na ukijaribu kuzirusha kwa kunakili skrini, mara nyingi utasikia sauti na kuona weusi. Fungua programu ya huduma hiyo ndani ya runinga.

Kuhusu kununua runinga, neno “smart” lililoandikwa kwenye kasha halitoshi kumwongoza mnunuzi, kwa sababu linaweza kumaanisha mfumo kamili wenye Miracast na Google Cast pamoja, na linaweza pia kumaanisha mfumo wa Android usio na idhini ya Google, ambao hutegemea programu ndogo ya kurusha iliyowekwa kiwandani. Programu hizo zinatofautiana sana. Nimeona runinga ya bei nafuu iliyopokea simu vizuri na kuvikataa vipakatalishi vya Windows kabisa, na nimeona nyingine ya bei ileile iliyofanya kazi bila dosari. Bei haikuambii, na muuzaji hata akiwa mwaminifu mara nyingi hajui, kwa kuwa majaribio yote dukani hufanywa kwa simu. Beba kipakatalishi chako. Mwambie muuzaji kwa upole, “Ndugu yangu, naomba tuiunganishe na hiki changu kabla sijalipa,” na umpe nafasi ya kukusaidia, maana wengi wao hufurahi kujifunza. Fungua hati yenye herufi ndogo uone kama zinasomeka ukiwa umesimama hatua chache, kisha cheza video fupi iliyo ndani ya kipakatalishi na utazame kama midomo ya msemaji inaendana na sauti. Zima runinga, iwashe tena, na uunganishe mara ya pili, kwa sababu zipo zinazokubali mara ya kwanza na kugoma baadaye. Duka linalokataa jaribio la dakika chache kwa kifaa cha maelfu ya shilingi halistahili pesa zako, na katika mji huu hukosi duka jingine hatua chache mbele.

Usalama nao usipuuzwe. Katika ploti zenye nyumba nyingi zilizobanana, runinga yako huonekana katika orodha ya jirani kama yake inavyoonekana katika yako, na mtoto wa jirani anaweza kukurushia katuni katikati ya taarifa ya habari, au wewe ukarusha hesabu zako za benki kwenye sebule isiyo yako. Ingia katika mipangilio ya runinga, ipe jina lisilofanana na la wengine, na uiamuru iulize kila kifaa kipya kinapoomba kuunganishwa, au idai nambari ya siri. Wakati wa mkutano, zima arifa za kipakatalishi kabla ya kurusha, kwa kuwa ujumbe wa WhatsApp utakaotokea pembeni mwa skrini utasomwa na chama kizima.

Wenye kompyuta za Apple hutumia AirPlay, ambayo runinga nyingi za Samsung, LG na Sony zilizotoka tangu 2019 zinaipokea, na huunganishwa kwa urahisi. Wenye Linux wanaweza kutumia programu ya GNOME Network Displays, inayoweza kuzungumza na runinga za Miracast, ingawa inahitaji uvumilivu zaidi, na kurusha kupitia Chrome huwa njia fupi kwao.

Mwenye runinga ya zamani isiyo janja lakini yenye tundu la HDMI hana haja ya kuibadilisha kwa sababu ya huduma hii peke yake, kwani kuna vipokezi vidogo vya kuchomekwa kwenye tundu hilo vinavyofanya kazi ileile. Vingi huchukua umeme kupitia USB, na watu huvichomeka kwenye tundu la USB lililo nyuma ya runinga. Runinga nyingi za zamani hutoa mkondo mdogo usiotosha, kipokezi kikawa kinazimika na kuwaka katikati ya kazi, na mtu akadhani ameuziwa kibovu. Tumia chaja ya simu ya ukutani, hasa ile iliyoandikwa ampea 1 au 2, na kabla ya kukirudisha dukani angalia kwanza kama tatizo halijaondoka.